Mwizi wa Kidato cha Pili

Nakiri mwenyewe, maana Maneromango nzima inajua. Ili wanafunzi wangu wazoee kuongea Kiingereza, niliwatungia mchezo: mimi mwizi, wao polisi na mashahidi. Mkoba wa kuiba niliuchukua ofisini kwa mkuu wa shule bila kumwambia; nilidhani ningeurudisha kabla hajatoka kikaoni.

Nikatoka mbio darasani, na kitambi changu. Watoto wakasahau Kiingereza chote. "Mwizi! Mwizi!"

Wakulima wakaja na majembe, wafugaji na fimbo. Nikajitupa kwenye mihogo, mkoba kwapani.

"Jamani, mimi mwalimu! Ni mchezo tu! Muulizeni mkuu wa shule!"

Fimbo zikasita. Mkuu akafika akihema, akanitazama usoni, kisha kwapani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huo si mkoba wangu?"