Meza ya Watu Wawili

Tangu aolewe, Marselina hakuwahi kula chakula akiwa ametazamana na mumewe. Hawakuwa na ugomvi wowote. Nyumbani kwao Kilosa, Mzee Wenceslaus hula sebuleni huku redio ikisema, na Marselina hula jikoni baada ya kuhakikisha sahani ya sebuleni haijapungukiwa kitu. Kule Chanzuru alikozaliwa, mama yake alikula hivyo hivyo. Watoto walipokuwepo, jikoni kulikuwa na kelele nzuri kiasi kwamba sebule usingeitamani. Watoto walipoondoka, akabaki anaisikiliza redio ya upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo binti yao Doris alipopiga simu kutoka Dodoma kusema amewalipia chakula cha mchana katika hoteli ya kitalii Mikumi, kwa ajili ya jubilei ya ndoa yao, Marselina alifurahi kuliko alivyoonyesha.

"Mtakaa ninyi wawili tu, mama," Doris alisema. "Meza ya watu wawili. Na tafadhali usibebe hotpoti."

Alishonesha kitenge kipya. Mumewe alivaa koti alilopewa alipostaafu ubwana shamba, na gari lililotumwa na Doris likawachukua asubuhi. Walipopita kijiji cha Ulaya, Wenceslaus alimwonyesha mashamba aliyoyasimamia enzi zake, akamweleza nani aliharibu nini baada yake. Marselina alimsikiliza kwa furaha. Alihisi kama siku za uchumba.

Mgahawa wa hoteli hiyo waliuita bistro. Neno lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye ubao pale mlangoni. Meza zilikuwa barazani, zimetandikwa vitambaa vyeupe, mbele yake ni nyika tupu hadi milimani. Meza ya jirani walikaa vijana waliokipiga picha chakula chao kabla hawajakigusa. Marselina aliona kuku wao wa kuchoma, ngozi inang'aa, pilipili nyekundu imepakwa mgongo mzima. Mate yakamjaa.

Mhudumu alikuwa binti mrefu, jina lake Rebeka.

"Shikamooni wazazi. Hongereni kwa jubilei."

"Marahaba, mwanangu," wakajibu pamoja.

Menyu ilikuwa ya Kiingereza. Wenceslaus alivaa miwani akaisoma kimya kimya, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Marselina alisubiri aulizwe.

"Mimi niletee nyama ya ng'ombe, iive sana," Wenceslaus alimwambia Rebeka. Kisha akaifunga menyu. "Mama mletee samaki. Sato, lakini msimkaange, mwokeni. Pilipili msiweke kabisa, tumbo lake halitaki. Limao liwekwe pembeni, msimkamulie juu, hapendi. Na wali, msilete ugali."

Aliyasema yote bila kusita, kama mtu anayesema jambo alilolizoea.

Rebeka aliandika, akamgeukia Marselina akitabasamu. "Mama, umepata mume. Wazee wengi wanaokuja hapa hawajui hata wake zao wanakula nini."

Marselina alitabasamu pia, kwa sababu binti alikuwa ametabasamu. Alingoja mpaka amekwenda.

Samaki humvimbisha Marselina. Akionja kidogo tu, midomo inajaa na macho yanafumba. Ndivyo alivyokuwa na mama yake pia. Alimweleza mumewe jambo hilo wiki waliyooana, naye akasema sawa. Tangu hapo kila Ijumaa alimpikia samaki, kambare au sato, akampelekea sebuleni, akarudi jikoni kula mchicha wake na pilipili. Pilipili zenyewe amezipanda nyuma ya jiko, na chakula kisicho na pilipili hakimpiti kooni.

"Baba Doris," alisema, "mimi sili samaki."

Wenceslaus alicheka kidogo. "Kila Ijumaa si tunakula samaki?"

"Unakula wewe. Mimi napika."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Na pilipili nakula. Huyo asiyekula pilipili ni nani?"

Wenceslaus alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa kitambaa cha mezani. Aliipangusa muda mrefu.

Jina la mtu huyo Marselina alikuwa nalo tayari. Zamani, Doris akiwa shule ya msingi, Wenceslaus alipangiwa kazi Rudewa, na huko akawa na mwanamke aitwaye Debora, mjane mwenye duka la mbegu na dawa za mimea. Habari zilipofika Kilosa, yaliitishwa mazungumzo. Wenceslaus alipiga magoti mbele ya padre na kaka yake mkubwa, akaapa yamekwisha. Marselina alisamehe. Alisamehe kwelikweli, hata mumewe aliponunua shamba la ufuta huko huko Rudewa na kuwa anapanda bodaboda kila wiki kwenda kulitazama, hakumuuliza kitu.

"Ni Debora?"

"Punguza sauti."

"Sijapaza sauti."

Wenceslaus aliitazama meza ya vijana, akaitazama nyika. "Ni mgonjwa," akasema. "Ana vidonda vya tumbo. Namsaidia tu, Mama Doris. Hana mtu."

"Vimemwanza lini?"

"Mwaka juzi," akajibu, na alipokwisha kujibu akajua alichokisema: safari za Rudewa zilianza kabla ya ugonjwa huo.

Chakula kililetwa. Sato alikuwa mkubwa, ameokwa vizuri, vipande vya limao vimepangwa kwenye kisahani chake peke yake. Rebeka alisimama kidogo, mikono nyuma, akingoja kusifiwa.

"Ahsante mwanangu, kinapendeza," Marselina alimwambia.

Angeweza kumwomba akirudishe. Lakini angetakiwa kueleza, na hakutaka binti yule ajue. Alichota wali wa pembeni, ule ambao mchuzi wa samaki haukuufikia, akala polepole. Wenceslaus aliikata nyama yake vipande vidogo vidogo.

"Tule kwanza," alisema. "Mtoto amelipa. Nyumbani tutaongea."

Akala yote.

Hawajamaliza, wahudumu wakatoka jikoni na keki, wanapiga sahani kwa vijiko na kuimba. Vijana wa meza ya jirani waliinuka wakapiga makofi, wengine wakainua simu. Wenceslaus alimlisha mkewe kipande. Ikafika zamu ya Marselina. Alikata keki, akaishika, akamtazama mumewe usoni. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na yalikuwa yanamwomba. Waimbaji walirudia ubeti wao mara ya pili, kisha ya tatu. Akamlisha. Watu wakashangilia.

Picha ya kulishana keki, aliyotumiwa na hoteli, Doris aliiweka kwenye simu yake kwa wote kuiona, pamoja na maneno kwamba mapenzi ya kweli yapo. Jioni akapiga simu. "Mama, mmefurahi?"

"Tumefurahi sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Nyumbani hawakuongea. Wenceslaus alianza mara mbili, na mara zote mbili Marselina alikuwa na jambo la kufanya uani. Kwa padre hakwenda tena. Alimweleza mdogo wake Yusta peke yake, wakipepeta mchele.

"Mzee wa umri ule, dada, na mwanamke mgonjwa. Bado unaona wivu?"

"Wivu ulikwisha zamani." Marselina aliuweka ungo chini. "Mimi nilidhani ndivyo alivyo. Nilidhani ni mtu asiyeona vitu vidogo. Nikamsamehe na hilo, miaka yote hiyo, nikajiambia wanaume wameumbwa hivyo. Kumbe anaweza, Yusta. Alijifunza. Limao la mwenzangu liwekwe pembeni, lisikamuliwe juu!"

Yusta alitafuta mkono wa dada yake, lakini Marselina alikuwa ameshauokota ungo.

Wenceslaus hakuacha kwenda Rudewa. Aliacha tu kusema anakwenda shamba. Alijaribu kubadilika kwa namna yake. Siku moja alirudi na kuku wa kuchoma wa barabarani, amefungwa kwenye gazeti, akamweka mezani jikoni na kusema, "Nimemwambia aweke pilipili nyingi." Marselina alishukuru. Kuku yule alimpa mtoto wa jirani.

Samaki hapiki tena, na mumewe hakuuliza kwa nini. Siku hizi Marselina akishaepua sufuria hupakua sahani yake kwanza, hukaa, na hula chakula kingali cha moto mpaka ashibe. Sebuleni redio inasema. Mara nyingine sauti ya Wenceslaus huipita redio: "Mama Doris, bado?" Naye huendelea kutafuna, na haitiki.