Candiru Hakumtaja Mtu

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya magunia yaliyoloa mvua, basi mimi nimesharudi Koboko, nina miaka kumi, nimebanwa kwenye benchi la kibanda cha video Jumapili mchana. Juzi niliipata harufu hiyo hapa Arua, nyuma ya duka la fundi wa jenereta, nikasimama kama mtu aliyeitwa. Halafu hasira ikanipanda. Ndiyo, hasira. Msitarajie niwaimbie utamu wa utoto.

Kibanda kile kilikuwa na televisheni moja, jenereta moja nje, na mtu mmoja tuliyemwita Vijei Baruti. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya televisheni na kipaza sauti, kupunguza sauti ya filamu ya Kizungu na kutusimulia mwenyewe kwa Kiswahili chetu cha West Nile, huku Uganda. Wahusika aliwabatiza upya. Mlevi akipita kwenye picha, Baruti alimpa jina la mlevi wetu wa sokoni, nasi tukacheka mpaka benchi likalia.

Filamu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwandishi wa habari, mwanamke mwembamba mwenye koti refu. Baruti alimwita Candiru, kama msichana wa Kilugbara. Candiru alipewa siri na karani mmoja kwamba kampuni yao inauza maziwa mabovu. Siri ikatoka gazetini. Wakubwa wa kampuni wakamfungia Candiru chumbani, wakamtaka amtaje aliyemwambia. Machozi yakamtoka, midomo ikamtetemeka. Baruti akasimama wima, akanguruma: "Hata mkinikata shingo, mimi hapana sema jina ya mutu!" Makofi yalipigwa mpaka mabati yakatikisika. Siku hiyohiyo niliapa kuwa mwandishi.

Aliyenilea ni Mama Mdogo Zainabu, mdogo wake marehemu mama. Alikuwa akifagia kwenye zahanati moja, na kwenye harusi zetu sisi Wanubi ndiye aliyeongoza nyimbo za doluka, ile ngoma ya wanawake. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mkwaruzo, na akicheka alimalizia kwa kuguna puani. Hapakuwa na ya pili mjini.

Kule zahanati aliona mambo. Maboksi ya dawa ya malaria yalitoka kwa mlango wa nyuma, huku mbele kina mama, wengine wakimbizi wa Sudan Kusini, wakiambiwa dawa zimekwisha. Alirudi nyumbani akigonganisha sufuria kwa uchungu, lakini nje ya nyumba hakufungua mdomo.

Ndipo akaja kijana wa redio kutoka Arua, na tai yake na kinasa sauti kidogo mkononi. Alikuwa amesikia fununu. Mama mdogo akamkatalia palepale mlangoni.

"Mimi sina maneno. Mdomo huponza kichwa."

Mimi sasa, mjuaji wa filamu, nikamvuta leso. "Mama mdogo, waandishi hawasemi! Wanakubali kufungwa kwanza. Candiru alikataa, mimi mwenyewe niliona!"

"Huyo Candiru wako iko mtaa gani?" akacheka. Lakini alinitazama, akaona nilivyokuwa na hakika. Akamgeukia kijana. "Na jina yangu?"

"Jina yako haitatoka, mama. Naapa."

Basi akasema yote. Mimi nilikuwa nimemshikia kijana begi lake, kifua mbele.

Jamani, yule kijana alitimiza kiapo. Jina hakulitaja. Alichofanya ni kuirusha sauti ya mama mdogo hewani vilevile ilivyo, mwanzo mpaka mwisho, na kile kicheko cha puani pia. Kila aliyewahi kula pilau ya harusi Koboko aliijua kabla ya sentensi ya pili. Jirani akaita juu ya ua: "Zainabu! Wewe iko ndani ya redio!" Mama mdogo alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini polepole, wala hakunitazama.

Jumatatu aliambiwa asirudi kazini. Wakubwa wa zahanati walikuwa na ndugu kila mtaa, na mialiko ya harusi ikakatika. Akanishika mkono tukaenda Arua kwa yule mwandishi. Kijana akatushangaa kwelikweli.

"Mama, mimi nilitaja jina? Na bila sauti yako, nani angeamini?"

Niseme kweli, dawa zilianza kupatikana. Kina mama wakapata dawa, sisi tukapata jembe. Tulihamia Aroi kulima muhogo kwenye shamba la watu, na mama mdogo hakuimba tena.

Miaka yote nilimchukia kijana yule kwa sababu hakuwa Candiru. Mwaka jana nikaiona filamu ile kwenye simu, bila Baruti, na Kiingereza changu cha ualimu kinanitosha. Nikafika pale chumbani. Midomo ya Candiru ikatetemeka. Alikuwa akimtaja karani, jina lake na la baba yake. Wakamfungulia mlango akaenda zake, na mwishoni akapewa tuzo, watu wamesimama wakimpigia makofi.

Baruti nilimkuta sokoni Arua akiuza kava za simu. Nilipomkumbusha filamu ile alicheka. "Aaa, mwalimu! Siku ile kibanda ilijaa watoto. Mimi nitawaambia huyu mama iliuza mwenzake? Mungelia. Mimi nilitengeneza kidogo tu."

Nikamwambia kwamba mama mdogo wangu aliyaamini matengenezo yake, yakamponza. Kicheko kikamkauka. Akaanza kupanga upya kava ambazo zilikuwa zimepangika.

Nikaenda Aroi, nikamwonyesha mama mdogo filamu nzima, nikimfasiria neno kwa neno bila kuongeza chumvi. Nilingoja anitukane. Yeye aliendelea kumenya muhogo, kisha akauliza, "Na yule karani? Walimfanya nini?"

Nikarudisha nyuma, nikatafuta. Akishatajwa, karani haonekani tena. Filamu inaondoka na Candiru. Utotoni nilimtazama Candiru peke yake, na macho hayohayo ndiyo niliyomtazamia kijana wa redio, huku nimempa mgongo mama mdogo.

"Hawakuonyesha," nikasema.

Mama mdogo akachukua muhogo mwingine.

"Si wangekuja kuniuliza mimi."