Tulichora Nyumba kwa Majivu

Ofisi yetu ya kuchora nyumba yenyewe haikuwa nyumba. Ilikuwa nguzo nne, paa la nyasi, benchi moja, na uwanja niliokuwa naufagia kila asubuhi mpaka unang'aa kama sahani. Uwanja huo ndio ulikuwa karatasi yetu. Leo watu wakiniambia eti mjukuu wangu ndiye wa kwanza kwenye ukoo kufanya kazi ya ramani, nawaacha wamalize. Kisha nawaambia, kaeni chini.

Serikali ilipotutoa kwenye migomba yetu kule mlimani, ikatuweka kijiji kimoja hapa Nyakisasa, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya viazi. Kila kaya ilipewa kiwanja na siku chache za kujenga. Watu wakajenga kwa hasira. Nyumba iliyojengwa kwa hasira unaijua tu ukiiona: mlango unatazama mvua inakotoka, moshi unazunguka ndani mpaka mtoto anakohoa kama mzee, na mama akirudi na mzigo wa kuni hawezi kupita, lazima autue nje aingize kijiti kimoja kimoja.

Ofisini tulikuwa watatu. Mume wangu alikuwa mwashi. Kazi alijifunza kwa wamisionari na maneno hakuyapenda. Ukimwambia ukuta umepinda, alishusha timazi lake, ile kamba yenye uzito chini, mbele ya pua yako uone mwenyewe. Wa pili alikuwa seremala, Msukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Ng'ombe wakaisha, akabaki na randa na mdomo. Wa tatu mimi. Nilisoma darasa la pili. La tatu nililiona dirishani. Kusoma sawasawa nilikuja kufundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Lakini nyumba nazijua, kwa sababu ndimi niliyekuwa nashinda ndani yake. Wanaume wanalala tu.

Majivu niliyaanzisha mimi. Alikuja jirani yetu mmoja kutaka nyumba, mume wangu akamchorea kwa kijiti chini, mchoro mdogo kama mkeka wa mtoto. Yule mama kila akionyeshwa kitu anasema, "Ndiyo, ndiyo." Nikamtazama usoni nikajua haoni chochote. Nikaenda jikoni kwangu, nikachota majivu kwenye ungo, nikachora nyumba ileile kwa ukubwa wake wa kweli, chumba kwa chumba.

"Ingia," nikamwambia. "Hapo ndipo mlango. Haya, pika."

"Nipike hewani?"

"Pika, mwanamke! Ndizi ninakupa mimi."

Akaleta mafiga yake matatu, akawasha moto katikati ya uwanja, watu wakasimama barabarani kumcheka. Kabla ndizi hazijaiva alikuwa amehamisha jiko mara mbili na mlango mara moja. Akasimama pale na mwiko mkononi akasema, "Kumbe nilikuwa naitikia kitu gani?"

Tangu siku hiyo ikawa sheria: msingi hauchimbwi mpaka mwenye nyumba apike chungu kimoja ndani ya majivu. Na mlangoni lazima apite mwanamke mwenye kuni kichwani bila kuinama na bila kwenda upande kama kaa. Kipimo nilikuwa mimi. Seremala alinisimamisha na mzigo wangu kwenye nguzo ya kibanda akachonga alama juu yake. Ukuta wa mbuzi usigusane na ukuta anakolala mtoto. Na mtu akitaka urembo wa mbele ili wapita njia waone, mume wangu alikuwa na sentensi moja tu: "Barabara haikai ndani."

Watu wakaanza kutoka Mbuba na Nyamiaga kuja kuchorewa. Walikuwa wanakuja na majivu yao wenyewe kwenye vikapu, wakidhani yetu yana dawa.

Kisha kijiji kikakubaliwa kujenga zahanati, na ndani yake chumba cha kujifungulia. Hilo lilikuwa langu kuliko la mtu yeyote. Kabla ya hapo mwenye uchungu alikuwa anabebwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusuka, miti miwili mirefu, wanaume wanne mabegani, mpaka hospitali, mbali huko. Mimi nilishabebwa hivyo mara mbili. Mara moja nilirudi na mtoto. Mara moja nilirudi peke yangu. Na mwaka huo nilikuwa na mimba nyingine.

Bwana Ujenzi wa wilaya alileta ramani yake kwenye karatasi, ina muhuri. Muhuri ule tuliuogopa kuliko mvua ya mawe. Hatukumwaga majivu. Mume wangu aliitazama, akaikunja, akachimba msingi. Mimi nami nilinyamaza. Tulikuwa tumetengeneza sheria ya kila mtu, jengo kubwa lilipokuja tukajiondoa wenyewe.

Kuta zilikuwa zimefika magotini vita vilipoanza kule mpakani. Redio ya mwenyekiti haikuzimwa. Wakaitwa mgambo, na mume wangu alikuwa mgambo. Asubuhi ya kuondoka aliniwekea timazi lake mkononi.

"Ukuta usipinde," akasema. Kwaheri yangu ilikuwa hiyo.

Nikabaki na seremala na timazi na tumbo. Siku moja nimekaa juu ya ukuta ule mfupi nakula kiazi, nikatazama ujia unaotoka mlango wa mbele, unakwenda, unakata kona, ndipo unaingia chumba cha kujifungulia. Nikaweka kiazi chini.

"Shemeji," nikamwita seremala, "humu hatujapika."

"Zahanati haipikiwi, shemeji. Au unataka kumkaanga mganga?"

"Basi ibebewe. Leta ingobyi."

Akaita wanaume wanne waliokuwa wanafyatua matofali. Nikalala, nina mimba ya miezi saba, wakaninyanyua, nikawaambia wasinipandishe kupita kimo cha ukuta. Mlango wa mbele tukapita vizuri. Kwenye kona miti ikagonga ukuta huu, wakarudi nyuma, ikagonga ule. Walipojaribu mara ya tatu nilikuwa nimeanza kuteleza.

"Mwinamishe kidogo!" akasema wa mbele.

"Ainamishwe nani?" nikapiga kelele. "Mimi ni gunia la kahawa?"

"Mama, usingekuwa mnene hivi..."

"Unene huu kaniwekea mwenzako, yuko vitani! Geuza!"

Wakacheka, seremala akicheka kuwashinda wote, akisema hawa walaji ndizi wameshindwa kukata kona, wangeletewa ng'ombe wawavute. Kisha akanitazama usoni akaacha kucheka. Aliikumbuka ile safari niliyorudi peke yangu. Kisanduku cha kumzikia mtoto alikichonga yeye.

Wakanishusha. Nikaingia chumba cha kujifungulia, nikasimama mbele ya ukuta wa nyuma, ule usiotazama barabara, ambao hata mvua ya kwetu haiupigi. Nikasema, "Mlango unakaa hapa. Mpana. Unatoka nje moja kwa moja."

Mwenyekiti alipopata habari alikuja mbio. "Mama, hii ramani ni ya serikali. Tuko vitani. Unataka niitwe mhujumu?"

"Mwite mwenye muhuri wake."

Bwana Ujenzi alikuja baada ya wiki, kijana mdogo, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Akanipa shikamoo yangu, nikaitikia marahaba. Akanieleza kwa upole kwamba milango ya majengo ya umma inaelekea barabarani.

"Sawa, baba. Na mwenye uchungu anaelekea wapi?"

"Bibi, mgonjwa anaweza kushuka mlangoni akatembea hatua chache."

Wanawake waliokuja kumwona wakaguna wote kwa pamoja. Nikamwonyesha ingobyi. "Lala wewe. Mimi nimeshalala."

Mwenyekiti akafumba macho. Yule kijana alitazama watu, akatazama suruali yake, akalala. Nampa sifa yake kwa hilo. Wakambeba vilevile. Kwenye kona wakamgonga huku, wakamgonga kule, kisha wale wahuni wakamwinamisha makusudi. Akang'ang'ania ukuta kwa mikono miwili, miguu juu.

"Nishusheni! Nishusheni, nimeelewa!"

"Hapo huna uchungu," akamwambia mama mmoja.

Alipojipangusa vumbi alikaa juu ya tofali akaitazama ile kona. Kisha akaomba majivu. Alikuwa amesikia habari zetu. Nikamwagia mlango wangu, akapita mara mbili, akatoa kalamu. Akamwambia mwenyekiti, "Andika ni mlango wa dharura, kwa sababu ya vita. Hakuna atakayeuliza."

Tukabomoa. Nilisimama na timazi la mume wangu kila mstari ulipopanda, na haukupinda. Saruji ilikuwa haionekani, sabuni yenyewe haionekani, kwa hiyo tukajengea udongo. Bati hazikuja. Seremala akaezeka nyasi, akasema mtoto akizaliwa hajui bati ni nini.

Uchungu wangu ulinishika shambani, mapema kuliko nilivyohesabu. Wakanibeba wale wale wanne. Nikawa naangalia juu: mawingu, mawingu, kizingiti cha juu cha mlango wangu, nyasi za paa. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyegeuka. Nikawasikia wakikanyaga sakafu ndipo nikajua nimeingia. Mtoto wa kike, analia kama mgambo.

Mume wangu alirudi amekonda, amezidi kunyamaza. Alimshika binti yake, akaenda naye mpaka zahanati, mimi nyuma. Akazunguka jengo lote. Akasimama kwenye ukuta wa nyuma.

"Nani kagusa ukuta wangu?"

"Mimi."

Akanipa mtoto. Akashusha timazi pande zote mbili za mlango, akangoja litulie. Akapima upana kwa hatua zake.

"Ungeongeza nusu hatua," akasema.

"Ungekuwepo ungelala wewe kwenye ingobyi."

Kesho yake nilipokwenda kufagia uwanja nilimkuta kibandani ameinama na patasi ya seremala, anachonga alama mpya kwenye nguzo, pembeni ya ile ya kimo changu na kuni zangu: upana wa ingobyi, na nusu hatua juu yake.