Ndoo ya Halua Iliyokwenda Tozeur

Mjini Bizerte, katika jengo la ghorofa nne nyuma ya soko la samaki, Moufida Gharsalli alijulikana kwa upishi. Miaka thelathini na moja alipika dengu na makaroni kwenye bweni la shule ya wasichana. Alipostaafu, mikono ilimuwasha kwa kukosa kazi. Akawa anasugua sufuria zilizokwisha kung'aa. Akalipanga upya kabati la mumewe, Chedly, hata mzee wa watu akawa hajui soksi zake ziko wapi.

Binti yao ndiye aliyemwonyesha namna ya kuuza vitu kwa simu. Basi kila Jumapili asubuhi Moufida akawa anakwenda kwenye gulio la vitu vikuukuu, anachokora marundo ya vyombo na kutafuta vikombe vidogo vya kahawa vya zamani, vile vyenye mstari wa dhahabu mdomoni. Hakuhitaji miwani. Alikigonga kikombe kwa ukucha, akakitegea sikio, na kikombe chenyewe kikamwambia kama kina ufa.

Seti yake ya kwanza ya vikombe sita ilinunuliwa na mwanamke wa Tozeur, huko kusini kwenye mitende, aliyeitwa Naziha. Alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka wakwe wanyweshwe kahawa katika vikombe kama vya bibi yake mzaa mama. Moufida alitaka kuonekana mtu wa maana, akaenda duka la vifaa vya ofisi akanunua boksi jipya jeupe, akajaza karatasi laini, akafunga na utepe juu.

Siku nne baadaye Naziha alimtumia picha. Boksi lilikuwa limebonyea kama kofia iliyokaliwa, na vikombe vilikuwa vigae.

Moufida alikaa kitini jikoni akalia. Halafu akanawa uso, akapiga simu.

"Dada Naziha, harusi lini?"

"Wiki tatu zijazo. Lakini usijisumbue, mama, ndiyo riziki yangu."

"Nisijisumbue? Mimi nimelisha wasichana mia mbili kwa siku, nishindwe na vikombe sita? Vitafika."

Ilimchukua Jumapili mbili. Ile ya pili, chini ya meza ya muuza redio mbovu, aliviona: sita, mstari wa dhahabu ule ule, vimefungwa kwenye gazeti. Alivigonga kimoja kimoja. Vyote vikaitika vizuri.

Sasa vitasafiri ndani ya nini? Hakuwa na imani tena na maboksi ya dukani. Alisimama katikati ya jiko akilitazama kabati ambalo Chedly alikuwa akilipigia kelele tangu waoane, maana Moufida hakuwa mtu wa kutupa chombo. Humo mlikuwa na vikopo vya mtindi vilivyopachikana mpaka juu, trei za mayai, makopo ya nyanya, na ndoo kubwa ya plastiki ya halua, yenye mfuniko wa kubana.

Akachukua kikombe, akakitia kwenye kikopo cha mtindi. Kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Kilichobaki ni kitu laini cha kujazia pembeni. Alitoka, akarudi na mkasi na nguo ya milia.

"We mwanamke!" Chedly aliinuka kitini. "Hiyo si pajama yangu?"

"Ilikuwa pajama. Sasa hivi ina matundu mengi kuliko chekecheo."

"Naivaa kulalia!"

"Utalala na ile ya buluu. Hii ina safari."

Alipomaliza, kila kikombe kilikuwa kimevaa kipande cha pajama ndani ya kikopo chake, vikopo vimekaa ndani ya ndoo, trei ya mayai iliyokatwa mviringo chini na nyingine juu. Alitikisa. Kimya. Lakini boksi jeupe nalo lilikuwa kimya siku ile.

"Chedly, njoo ngazini. Itupe."

"Niitupe?"

"Waliobeba lile boksi hawakuniomba ruhusa ya kulitupa. Tupa!"

Chedly, ambaye kwa kweli alikuwa ameanza kuona raha, aliinyanyua ndoo akaiachia. Ikashuka ngazi kwa kishindo, ikagonga ukuta, ikageuka kwenye kona, ikaendelea. Mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka. Jirani yao Hayet akatoa kichwa chenye hina.

"Jamani, nani kaanguka?"

"Halua!" Moufida akajibu, akishuka mbiombio.

Walifungua ndoo pale pale kwenye mkeka wa Hayet. Sita, vizima. Hayet, asiyejua lolote, alipiga makofi kwa sababu wenzake walipiga.

Posta kulikuwa na foleni. Karani, kijana mwenye tai fupi, aliitazama ndoo, akamtazama Moufida.

"Mama, chakula hatupokei."

"Si chakula, mwanangu."

"Imeandikwa halua ya pistachio."

"Na wewe umevaa fulana ya mpira ndani ya shati, naiona. Je, wewe ni mchezaji?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani naye akashindwa kujizuia. Moufida akafungua mfuniko, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma akanyoosha shingo.

"Kumbe vikombe," akasema kwa huzuni. "Mate yalishanijaa."

Karani alieleza kwa upole kwamba mzigo hauwezi kwenda na maandishi ya kitu kingine. Moufida hakubishana. Alitoa kwenye pochi mfuko mtupu wa karatasi wa unga wa ngano, akaupindua ndani nje, akaivika ndoo, na karani mwenyewe akashika ncha huku yeye akibandika utepe wa gundi.

Simu ililia siku ya tano, wakati wa chakula cha mchana. Moufida aliposikia mayowe, kijiko kilimponyoka.

"Vimevunjika?"

Hayakuwa mayowe. Vilikuwa vigelegele, si vya mtu mmoja, vya nyumba nzima. Naziha alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mama, vimefika! Vinanukia halua kidogo! Mama mkwe anauliza, hii pajama ya nani?"

Chedly akainyakua simu. "Yangu, na sasa ni marehemu! Iliitumikia nyumba hii miaka kumi na miwili!"

Habari zilienea jengoni haraka. Wiki ile ile majirani wakaanza kubisha hodi wakiwa na makopo ya biskuti na madumu ya mafuta yaliyooshwa, ya kufungia mizigo. Chedly akajipa cheo cha mkaguzi wa ngazi, na haupiti mzigo bila yeye kuutupa kwa mkono wake. Ghorofa ya kwanza walilalamika, mpaka Moufida alipowapelekea sahani ya maandazi ya asali.

Juzi bwana mmoja wa Sousse alinunua kioo cha kujitazamia, cha duara, kikubwa. Mume na mke walilizunguka jiko zima bila kupata chombo. Kisha wakatazamana.

"Sinia za Hayet," akasema Chedly.

"Mbili. Moja juu, moja chini."

Walipofika ghorofa ya pili walisikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani.

"Nimewasikia!" Hayet akapiga kelele. "Hizo ni za mahari yangu!"

"Tutakununulia mpya, shoga," Moufida alisema, mdomo kwenye tundu la ufunguo, akicheka hata akajishika mbavu. "Fungua kwanza tupime."