Fundi Lokaale na Maji ya Udhu

Baba yangu alifariki Sericho Jumanne moja ya mwaka 1976, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Mimi, binti yake mkubwa, nilipata habari Isiolo siku kumi na tisa baadaye, kutoka kwa dereva wa lori aliyedhani najua, akaniambia pole huku akiagiza chai. Katika siku hizo kumi na tisa nilikuwa nimekwenda harusi mbili, na katika moja nilicheza mpaka ukanda wa kiatu ukakatika. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna wa kulaumiwa. Lakini mimi si mtu wa kukubali mambo upesi. Nilimwambia mume wangu Abdisalan, "Mama yangu hatakufa hivyo. Sijui utafanya nini, lakini nitasikia, na nitafika."

Abdisalan alijikuna ndevu. Alijikuna kwa miaka mitano.

Mwaka 1981 kampuni moja ya wapima ardhi ilifunga kambi yake na kuuza vyombo, naye akaja nyumbani na redio mbili za kuitana, zile unazobonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza. Yeye alizitaka kwa sababu ya lori lake, maana likishavuka Garba Tula lilikuwa kama limeingia ndani ya gunia. Mimi nilizitaka kwa sababu yangu. Moja ingekaa sebuleni kwetu, na ya pili kwa mdogo wangu Amino, aliyeolewa Sericho na kuishi na mama yetu. Kibali kilichukua miezi minane kutoka. Kilipotoka, kikabaki kitu kimoja tu, mtu wa kuzifunga, na hivyo ndivyo Lokaale alivyoingia nyumbani kwangu.

Lokaale alikuwa Mturkana mrefu, mkimya. Baba yake, mzee Lotukoi, alihamia Isiolo zamani akitafuta kazi, akapata kazi ya kuchunga mbuzi wa watu, ile ile aliyoikimbia. Lokaale mwenyewe alianza kwa kufyeka nyasi kambini kwa jeshi, upande wa Burat. Siku moja mafundi wa mawasiliano walitafuta mtu wa kupanda mlingoti, na wao wote walikuwa na vitambi. Lokaale akapanda. Tangu siku hiyo hakushika tena panga. Cheti hakupata hata kimoja, alijifunza kwa kutazama mikono ya wenzake, na ilipofika mwisho wa miaka ya sabini hapakuwa na redio Isiolo iliyokohoa bila yeye kuitwa. Alivaa ovaroli ya buluu siku zote. Jumapili alikwenda nayo kanisani ikiwa imepigwa pasi, na mke wake Akiru alikuwa akitembea hatua ishirini mbele yake ili watu wasijue wako pamoja.

Kazi ile ilimwachia tabia moja. Kwenye redio ukimaliza kusema unatamka "ova" ili mwenzako ajue ni zamu yake. Lokaale alifanya hivyo hata buchani. "Nipe nusu kilo, usiweke mifupa mingi. Ova." Watu walimcheka, naye alicheka nao, kisha akangojea jibu kwa heshima.

Siku ya kwanza tuligombana. Nilitarajia fundi apande juu ya mabati, apige nyundo, atoe jasho. Yeye alikaa kwenye mkeka, akainamisha kichwa, akasikiliza kelele ya redio kama mtu anayesikiliza mgeni aliyetoka mbali.

"Fundi," nikamwambia, "wewe umekuja kulala?"

"Mama Abdinur, tusikize kwanza."

Abdinur ni mwanangu wa kwanza, na ndivyo alivyoniita miaka yote. Neno hilo la "tusikize kwanza" lilinikera siku ile. Sasa ningelipa chochote kulisikia tena.

Alipomaliza kwetu tukaondoka naye kwa lori kwenda Sericho, siku mbili za vumbi, Abdisalan akabaki Isiolo kando ya redio yetu ili tujaribiane naye. Lokaale alisimamisha mlingoti nyuma ya nyumba ya Amino, akavuta waya mrefu hadi kwenye mgunga, kisha akapigilia chuma ardhini, urefu wake kama mtu, na kukifungia waya mwingine wa redio. Alitueleza kwamba redio ya namna ile inahitaji kushika ardhi kama inavyohitaji kushika hewa. Akawasha. Sauti ya Abdisalan ikaja kwa mbali, imechanika, na yeye hakutusikia kabisa.

Lokaale akasikiliza. Kisha akachukua kopo la maji ya kunywa, akayamimina yote pale penye chuma, nasi tukiangalia kama watu walioona wizi. Mara Abdisalan akasikika akimkaripia mtu wa mkokoteni nje ya dirisha letu, kidole bado kwenye kibonyezo, wazi, kama yuko chumba cha pili. Nikapiga vigelegele. Lakini ilipofika adhuhuri udongo ulikuwa umekauka, na sauti imekwenda.

"Hii chuma inataka maji," Lokaale akasema. "Kila siku, mara nne, mara tano. Mchanga ya hapa imekauka mpaka chini."

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, na Hooyo wangu hakuwahi kujifunza kusema polepole. "Waryaa!" akamwita. "Wewe nataka mwaga maji kwa mchanga? Hapa hata ngamia nakunywa kwa zamu. Beba chuma yako, rudi Isiolo."

Alikuwa na haki. Kisima kilikuwa mbali, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angewaambia wanawake wa Sericho wabebe maji ya kunywesha chuma. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Miaka mitano nimengoja, miezi minane nimengoja kibali, kisha udongo ndio unaniambia hapana.

Lokaale hakunibembeleza. Alizunguka uani taratibu, akiangalia chini. Pembeni ya ukuta wa jikoni akasimama. Palikuwa na jiwe bapa, na kando ya jiwe majani mabichi machache, kijani pekee katika ua mzima. Akachuchumaa, akashika udongo, ukaganda mkononi.

"Hapa nani anamwaga maji?" akauliza.

Amino akamjibu kwamba hapo ndipo Hooyo anapotawadha. Mara tano kwa siku, kwa birika lake, kabla ya kila sala. Maji yakiwa haba namna gani, birika la udhu la Hooyo halikuguswa.

Lokaale akasimama haraka, akarudi nyuma, kama amekanyaga mkeka wa mtu kwa viatu. Yeye ni Mkristo, na aliogopa kwamba ameingia pasipo pake. Akaenda mbele ya mama yangu, akavua kofia.

"Mama mzee, mimi sijui dini yenu. Kama nimekosa, unisamehe. Hiyo maji ikishaosha miguu yako, ikianguka chini, kuna makosa chuma ikikunywa? Ova."

Hooyo akacheka mpaka akashika ubavu. "Maji imemaliza kazi yangu," akasema. "Kama iko na kazi ingine, chukua. Lakini mguu yangu isigonge chuma."

Akakipigilia nyuma ya jiwe, akasogeza udongo kwa viganja ili maji yateremkie pale, akafunika kichwa cha chuma kwa gunia asije mzee akajikwaa. Jioni, baada ya udhu wa magharibi, tukamwita Abdisalan. Akasikika vizuri. Kesho yake adhuhuri, vizuri. Lokaale alikaa siku tatu akisikiliza, kisha akasema, "Sasa tunaweza kurudi."

Nikiwa Isiolo, Hooyo aliposhika kile kidude cha kuongelea kwa mara ya kwanza, alinisalimia bila kuachia kibonyezo. Salamu zetu ni za kuulizana na kujibizana, na yeye aliuliza yote, akangojea, akauliza tena, akakasirika kwamba mwanawe amekuwa na kiburi hajibu. Mimi nilikuwa sebuleni nikijibu kila swali kwa sauti kubwa, hakuna linalomfikia, machozi yananitoka kwa kucheka. Jina langu alilitaja mara sita. Nilikuwa sijasikia sauti yake kwa wiki tatu tu, na bado nilihisi kama nimerudishiwa kitu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila siku saa kumi na moja jioni niliwasha, na Sericho ikaja sebuleni. Lori lilipokwama, Abdisalan alijua. Watu wa mtaa wenye ndugu kule walikuja kukaa mkekani kwangu, Waborana, Wasomali, hata Wameru wenye biashara, na ova ikawa neno la kila mtu. Ukame wa 1984 ulipokuja, ng'ombe wakaisha na Amino akawa anapima maji kwa kikombe, sauti yake ilibaki wazi vilevile. Hooyo alipunguza maji yake ya kunywa, ya udhu hakupunguza.

Kisha ikaja Agosti ya 1985.

Sauti ilianza kukwaruza siku ya Jumatano. Alhamisi Amino alikuwa kama mtu anayesema ndani ya pipa. Nilimuuliza hali ya Hooyo, akaniambia yuko salama, amepumzika. Ijumaa sikupata hata neno kamili, nikatuma watu wakamwite Lokaale, nikiwa nimeshapanga matusi kwa ajili ya kazi yake mbovu.

Alikuja, akakaa mkekani. "Tusikize kwanza."

Akasikiliza. Akabadilisha betri, akapanda kuangalia waya, akaangalia chuma chetu cha ardhini, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikikimwagia maji ya vyombo. Akarudi akakaa. Safari hii hakuniangalia usoni.

"Hapa hakuna makosa, Mama Abdinur. Ni kule. Ardhi ya kule imekauka."

"Itakaukaje? Hata mwaka jana haikukauka."

Akazungusha kofia mkononi. Alijua, na hakutaka yeye ndiye aseme. Mwishowe akaniuliza polepole, "Mama mzee anatawadha wapi siku hizi?"

Mgonjwa asiyeweza kugusa maji, dini yetu inamruhusu kutayamamu, yaani kujipangusa uso na mikono kwa mchanga safi badala ya udhu. Nilinyakua kidude. "Amino! Hooyo anajitahirisha kwa kitu gani? Maji au mchanga? Ova."

Kelele tupu. Nikarudia, nikarudia tena. Kisha kwa mbali kabisa, sauti ya mdogo wangu:

"Mchanga, abaayo, dada yangu. Wiki ya pili sasa. Alinikataza nisikwambie, alisema utaacha watoto. Ova."

Nilimtukana Amino kwa lugha mbili, na sijui alisikia ngapi. Abdisalan alikuwa ameshapakia sukari ya Garba Tula. Aliishusha yote barabarani ili lori liwe jepesi, akaliwasha. Ninamshukuru kwa hilo, hata kama tangu hapo amenikumbusha mara nyingi. Watoto nilimwachia Akiru, aliyekuja mbio akiwa bado na unga mikononi. Lokaale akasema yeye habanduki kwenye redio.

"Mwambie Amino amwage ndoo moja pale kwa chuma, leo tu," akasema. "Mimi nitaongea na mama mzee mpaka ufike."

Nilifika Sericho siku ya pili, adhuhuri, nywele nyeupe kwa vumbi. Hooyo alikuwa amelazwa karibu na redio, amekuwa mdogo kama mtoto, macho yamefunguka.

"Umechelewa," akaniambia. "Fundi alisema uliondoka Garba Tula asubuhi. Alisema umevaa shuka ya kijani. Ulipita wapi?"

Kumbe Abdisalan aliposimama Garba Tula kutafuta maji ya injini, alikuwa amemtafuta mtu mwenye redio akapeleka habari Isiolo, na Lokaale akaipeleka Sericho. Mtu wa imani nyingine, ambaye mama yangu alitaka kumfukuza na chuma chake, alikaa siku mbili sebuleni kwangu akimtajia mama yangu kila mahali mwanawe alipofika, ili asiondoke kabla yangu.

Sikuwa na nguvu ya kumshukuru siku ile. Nilimshukuru baadaye, kwa mbuzi aliyemkataa, na kwa shati jeupe la kanisani ambalo Akiru alilikubali kwa niaba yake. Na namshukuru hata sasa. Baada ya sala, nikiinua mikono kuwaombea wangu, namtaja Lokaale mwana wa Lotukoi kwa jina lake lote. Atakayesikia na asikie.

Nilikaa na Hooyo siku kumi na moja. Nilimlisha, nikamsuka nywele, tukagombana juu ya dawa. Alinisimulia mambo ya utoto wake ambayo sikuwa nimeyajua. Siku ya kumi na mbili, alfajiri, kichwa chake kilikuwa mapajani pangu. Alinishika kidole gumba, kama anavyoshika mtoto mchanga, na hakukiachia mpaka mwisho.

Nilimwosha mimi mwenyewe, Amino akinimiminia maji, na maji yalitosha.