Bibi Alipowafundisha Walimu Kugawanya

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu kwenye semina ya walimu hapa Arua. Mkufunzi, kijana aliyetoka Kampala, alitueleza kwamba mtoto anaweza kujifunza hesabu na jiografia kwa kutazama picha, vinyago na vitu vya kusukwa. Alisema ni njia mpya. Wenzangu wakaandika. Mimi sikunyoosha mkono. Nimebakiza muhula mmoja nistaafu, ndugu yangu, na mtu akishachoka hana hamu ya kubishana nani alitangulia. Nilikaa tu, miguu imevimba ndani ya viatu, nikimkumbuka bibi yangu.

Tulikuwa Wanubi wa Koboko, na bibi tulimwita haboba. Asubuhi nyumba yetu ilinukia gurusa, ile mikate myembamba ya maji inayopikwa juu ya chuma, pamoja na chai ya tangawizi wakati bado kulikuwa na sukari. Mimi nilifagia uwanja na kuteka maji. Nikirudi nilimkuta haboba amekunja miguu mkekani, akisuka tabaga. Tabaga ni sinia la majani la kufunikia chakula, lakini la haboba ungelitundika ukutani ulitazame siku nzima: nyota nyekundu katikati, almasi nyeusi zikiizunguka, na pembeni ukingo wa rangi ya manjano. Sindano yake ilipopenya majani ililia kidogo, kama panya anayetafuna, na mlio huo ndio ulionilaza mchana utotoni.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya. Mwalimu wetu wa hesabu, Mhindi mpole, alifukuzwa nchini na Wahindi wenzake mwaka wa sabini na mbili. Vitabu vilichakaa, havikuletwa vingine, na chaki ilikatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Hesabu alipewa mwalimu wa kuchora, mtu wa Manibe, mrefu, mwenye kikohozi kisichoisha. Yeye mwenyewe alikiri kwamba sehemu, ile nusu na robo na theluthi, hazikuwa zimemwingia vizuri alipokuwa mwanafunzi. Sisi hazikutuingia kabisa. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Basi siku moja akaja nyumbani kunishtaki. Haboba alimkaribisha na kumwekea gurusa mbele, zimefunikwa kwa tabaga. Mwalimu hakufunua. Aliinama juu ya tabaga, akaanza kuhesabu kwa kidole.

“Mama,” akauliza, “hii nyota ulipima na nini?”

“Na macho tu,” haboba akajibu. “Kwanza nagawa mbili, halafu mbili tena. Kila kipande nagawa tatu. Kama mimi hapana gawa mbele, mwisho iko haribika.”

Mwalimu akaendelea kuhesabu hadi chai ikapoa. Habari ya kunishtaki aliisahau. Aliomba aazimwe ile tabaga.

Kesho yake aliitundika ubaoni. Watoto walicheka kwa sababu ilinuka moshi na vitunguu, nami niliona aibu, nikaangalia chini. Lakini alipofunika robo ya nyota kwa daftari na kuuliza zimebaki ncha ngapi, mkono wangu ulinyooka wenyewe. Nilikuwa nimeiona nyota ile ikizaliwa. Tangu siku hiyo theluthi haikunitisha tena.

Baadaye mwalimu alizitumia tabaga hata kwa jiografia. Majani yalitoka upande wa Dranya. Rangi zilikuwa zimekwisha madukani, zikawa zinapitia Vurra, mpakani, kutoka Kongo, ndani ya malori ya wafanyabiashara. Tulichora ramani kwa kufuata safari ya kila rangi. Na kwa kuwa kila ua, yaani kila pambo linalosukwa, lina jina lake, kila mmoja wetu aliandika insha juu ya ua moja.

Habari zikafika kwa mkaguzi wa shule. Wakati wa likizo walimu wa shule nyingi waliitwa Arua, na haboba akaombwa awaonyeshe. Nilikwenda naye, nimeshika mkono wake juu ya lori. Aliogopa kuliko alivyotaka nijue.

Walimu walikaa kwenye viti, yeye akakaa chini, mkekani kwake. Mwalimu mmoja mzee akasema kwa sauti, “Hii mama hajui kusoma. Atafundisha mimi nini?”

Mwalimu wetu alitaka kujibu, kikohozi kikamzuia. Haboba ndiye aliyesema.

“Kweli, mwalimu, mimi hapana jua kusoma. Shika hii.” Akampa tabaga ambayo haijakwisha. “Almasi ngapi iko enea hapa pembeni?”

Mzee yule alitoa kalamu, akaandika, akasema ishirini na moja. Haboba akamwambia azichore kwa chaki juu ya tabaga yenyewe. Alichora moja moja, chumba kizima kinatazama, na ya mwisho ikakosa nafasi. Hakuna aliyecheka. Haboba alifuta chaki kwa ncha ya shuka yake.

“Mimi pia nakosea hivyo mara mingi,” akasema. “Nafumua tu, naanza tena.”

Yule mzee alivuta kiti chake karibu. Jioni ndiye aliyembebea mkeka hadi kwenye lori.

Miaka michache walimu walikuja kwetu kuazima tabaga. Halafu ukaja mwaka wa sabini na tisa na vita vyake, na sisi Wanubi tukahesabiwa watu wa serikali iliyoanguka. Tuliondoka Koboko kwa miguu, tukavuka kwenda Sudani na sufuria mbili. Tabaga zilibaki kwenye stoo ya shule. Mwalimu wa kuchora alikimbilia Kongo, tukasikia hivyo tu.

Kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na shule chini ya turubai. Mwalimu mmoja alimwomba haboba asuke chochote cha kufundishia. Haboba akachana gunia apate nyuzi, akaanza. Mchana mmoja nilimkuta ameshika duara dogo, hasogezi sindano.

“Wewe ndiyo umesoma,” akaniambia. “Niambie, hii nagawa ngapi?”

“Gawa mbili, haboba. Halafu mbili tena.”

“Halafu?”

“Kila kipande, tatu.”

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ukoo wa wengine. Akashona kidogo, akafumua, akashona, akafumua. Kisha akaiweka chini, akaniomba maji. Hakusuka tena, na hakurudi Koboko.

Mimi nilirudi, nikawa mwalimu. Stoo ile haipo, walimu wale hawapo, na wasichana wa mtaani kwetu hufunika chakula kwa plastiki. Miaka yote hii nimefundisha sehemu kwa kuchora duara ubaoni na kulikata kwa rula. Ninajua njia nyingine, na sikuitumia hata mara moja. Kila muhula nilisema muhula ujao.