Mtoa Salamu wa Mgori

Asubuhi hiyo niliamka Iguguno, nikafunga begi, nikaenda kusimama barabarani. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linafuata alizeti Mgori, basi na mimi nikawa nakwenda Mgori.

Nilishuka mbele ya nyumba iliyoandikwa mlangoni: MAABARA, VUA VIATU. Shule niliiacha darasa la sita, na maabara sikuwahi kuiona. Nikavua viatu.

Ndani, dada mmoja aliyevaa barakoa alikuwa akikata machipukizi madogo kama punje za uwele na kuyapanda kwenye chupa zenye jeli. Alinieleza bila kuinua macho. Yalikuwa ya mti wa dawa ya tumbo. Wachimba mizizi wameumaliza msituni, kimebaki kichaka kimoja, nacho kinakauka. Chipukizi likishika, hutoa mengine mengi.

"Lakini chupa zote za mwanzo zimeota ukungu," alisema. "Haya ndiyo ya mwisho."

"Hodi humu!"

Alikuwa bibi mganga, mwenye kile kichaka, amekuja kuyajulia hali machipukizi yake. Dada akashika barakoa aishushe, chupa ikiwa wazi chini ya kidevu chake.

"Shikamoo bibi!" nilipaza sauti mimi, nikamwahi mlangoni.

"Marahaba. Na huyo mwenzako amekuwa bubu?"

Nikageuka. "Dada, huwa unaishusha kila anapokuja?"

"Sasa nimwamkie mtu mzima nimeziba mdomo?" alijibu kwa unyonge. "Najua pumzi inaharibu. Lakini nitaweza kumnyamazia?"

Bibi alitutazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe shikamoo ndiyo inaniulia mti! Basi niamkie wewe, mzururaji. Mdomo unao."

Nikawa mtoa salamu. Nilikaa kizingitini nikiamkia wazee wote waliopita, ndani kukiwa kimya. Usiku nililala barazani, wiki baada ya wiki. Kila nilipochungulia nilitafuta ule ukungu, mweupe kama pamba. Haukuja. Yalikuja majani, mawili mawili, kisha kila chipukizi likawa fungu zima.

Bibi aliinua chupa moja kwenye jua, akaigeuzageuza. Halafu akapiga vigelegele, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna aliyejifungua.

"Wapo!" aliwaambia. "Wamejaa chupani!"

Kisha akanigeukia. "Wewe unalala wapi?"

"Hapo nje, bibi."

"Nje! Kama mbuzi?"

Akanipeleka kwake, akasukuma mlango wa chumba kilichonukia mizizi mikavu. "Kitanda kipo. Hamisha hayo magunia."